Mke Niliyemposea Babaako

Kinondoni, alasiri, kesho ndiyo safari yako

Mwanangu Saada,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako naijua. Uko chumba cha pili, miguu umeinyoosha juu ya mto, hina haijakauka, na tangu adhuhuri umeniita mara tatu nije nikukune pua. Nimekukuna. Sasa nimekaa ukumbini na ile kalamu yako ya shule, namwandikia mtu ambaye nikikohoa ananisikia. Usicheke. Kesho asubuhi gari la moshi litawachukua wewe na mumeo mpaka Tabora, na barua hii nitaitia chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga zote, uikute mkishafika. Ungeisoma hapa ungeniangalia usoni, na mie ukiniangalia usoni nitageuza maneno nikuulize kama umekula.

Mila zetu unazijua. Mambo ya mwili wa mwanamke mama hamwambii bintiye, kuna somo. Somo wako Bi Tatu hakubakisha kitu. Kakufundisha kwa nyimbo, kakufundisha kwa mafumbo, na pale ulipojifanya huelewi kakufundisha kwa kukufinya mapaja. Basi ya jikoni, ya chumbani, ya mawifi na ya kumpokea mume akitoka kazini sitayagusa. Hata nikiyagusa Bi Tatu atajua, na atakuja kunifinya mie.

Ila lipo jambo moja hakukufundisha, maana naye hakufundishwa, na aliyemfundisha hakufundishwa vilevile. Sie tunafundishwa damu inavyoanza. Inavyokwisha haina wimbo.

Najua utasema, Mama naye, ndiyo kwanza naolewa, unaniletea mambo ya watu wazima. Ningengoja. Lakini Tabora ni mbali, na mie sina mkataba na Mungu wa kuishi mpaka ufike umri wangu. Tena kutojua kwangu kulikuwa karibu kukukosesha nyumba yenye baba na mama. Jambo la namna hiyo sitaki ulisikie kwa jirani.

Unaukumbuka mwaka uliovunja ungo? Bi Tatu alikuja na wanawake wake, ukapigiwa ngoma siku saba, uani hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Mwaka huohuo, mwanangu, ndani ya nyumba hiihii, mie nilikuwa nakwisha. Wewe ngoma siku saba. Mie sikupigiwa hata debe.

Lilianza joto. Nimekaa zangu napepeta mchele, mara nahisi moto kifuani, unapanda shingoni, unaingia masikioni, kama mtu kanifunulia chungu cha pilau usoni. Mara limepita, nguo imeloa, natetemeka kwa baridi. Usingizi ukanihama. Kisha ikaja hasira, na hiyo ndiyo unayoikumbuka wewe, maana joto hukuliona lakini sahani uliziona zikiruka.

Babaako alikuwa akishona hapa barazani kwetu. Tangu aniingize nyumba hii mlio wa cherehani yake ulikuwa kwangu kama mtu ananipigia hadithi. Ghafla ukawa unanisagisha meno. Nikamwambia, "Hiyo mashine yako itanitia wazimu." Akaihamishia mwisho wa baraza. Nikamwambia bado naisikia. Akaipeleka nyuma, kwenye kibanda cha kuni. Nikamwambia sasa inanifuata jikoni. Akaibeba kichwani, akaenda kuomba nafasi kwenye baraza la duka moja kule Magomeni. Mwanamme mwingine angegomba. Babaako alihama.

Na mie, kwa akili yangu ya siku zile, nikasema, unaona? Anatoka kidogo kidogo.

Siku moja uliniuliza, "Mama, kwani Baba kafanya nini?" Nikakujibu, "Kapumua." Ukaenda zako, na mie nikaingia chumbani nikalia, maana nilikuwa nimekwambia kweli tupu. Nilikuwa namchukia mtu kwa kupumua, na mtu mwenyewe hajanikosea tangu anioe isipokuwa kuvaa kofia mbovu. Siku nyingine nililia kwa kuwa vitumbua vimeungua upande mmoja. Upande mmoja tu, mwanangu! Wa pili vilikuwa vizuri, nikavililia vilevile.

Ikaingia Ramadhani. Wanawake tunaonana wenyewe kwa wenyewe, huyu leo hafungi, yule kesho atakula, na baada ya Idi kila mtu analipa siku zake. Mwaka ule nilifunga tangu mwezi kuandama mpaka mwezi kuandama, sikula hata siku moja. Wenzangu wakanisifu, "Bi Zuhura umepata bahati, umefunga mwezi mzima!" Nikaangua kilio mbele yao. Wakadhani ni furaha ya ibada.

Nilikuwa nalia kwa sababu sasa nimejua. Tena mtoto nilikuwa nawe wewe peke yako. Wawili wa kabla yako wako makaburini, nao walikuwa wanaume. Babaako hakuwahi kulitaja jambo hilo, nami kila siku nililisikia katika kimya chake. Nilikuwa nikijiambia labda mwakani. Sasa hakuna mwakani.

Jirani yetu Mama Chausiku unamjua mdomo wake. Tuko bombani tunangoja maji, akanitazama jasho linavyonitoka, akasema, "Bibi wee, umeshakuwa mtu wa msala. Kazi yako sasa ni kuswali na kungoja wajukuu."

"Na mume?" nikamuuliza.

"Mume ataoa. Kwani cherehani kaipeleka Magomeni kufuata kivuli?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikajitwika ndoo, nikafika nyumbani nimeshaamua. Unajua mamaako akiamua. Nikasema hapana, mie sitaletewa mwenzangu kama mtu aletewaye taarifa ya msiba. Kama ni kuoa ataoa, lakini nitamwozesha mie, mke nitamchagua mie, na watu watasema Zuhura mwanamke kweli.

Ndipo nikakumbuka mwanamke mmoja wa Kimbiji, Mwanahawa, aliyekuja mtaani kwetu kwenye harusi ya mpwawe. Kijana bado, kaachwa na mumewe wa kwanza bila kosa, na ana mtoto wa kiume, dalili kwamba hapo wa kiume wanapatikana. Siku ile ya harusi nilikuwa nimekaa naye jikoni tunakuna nazi, nikapenda sauti yake, sauti ya chini, haina haraka. Nikawaza, huyu hawezi kurusha sahani. Nilimchagua kama nichaguavyo nazi sokoni, naitikisa sikioni nisikie maji.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kile kisomo cha jioni cha watu wazima, kusoma na kuandika kwa herufi za Kizungu. Ulikuwa ukinisaidia kushika kalamu na kunicheka "b" zangu zilizogeuka nyuma. Basi jua leo mamaako alikitumia nini kisomo chake. Barua ya kwanza niliyoandika kwa mkono wangu tangu nizaliwe ilikuwa ni posa. Nilimposea babaako mke. Nikamkabidhi dereva wa lori la mbata, kijana wa huko kwao Mwanahawa, akavuka nayo pantoni mpaka Kimbiji. Babaako sikumwambia. Nilitaka nimwambie mambo yakishakuwa tayari, kama mtu anayemshonea mwenziwe kanzu ya Idi kwa siri.

Wiki ya pili, wajomba wawili wa Mwanahawa wakamfuata babaako kule barazani Magomeni. Haya kanihadithia mwenyewe, na akihadithia anaigiza sauti zao. Wamefika, wamesalimu, wamekaa. Yeye kashika futi yake ya kupimia, anangoja wamwambie kanzu au suruali.

Mkubwa akasema, "Fundi, sie tumeleta jibu."

"Jibu la nini, wazee wangu?"

"La posa."

"Anayeoa ni nani? Nimpime yeye mwenyewe."

Wakatazamana. Mdogo akasema, "Anayeoa ni wewe."

Babaako anasema pini aliyokuwa kaibana mdomoni nusura aimeze. Wakamtolea barua. Wakamwambia wao hawajapata kuona mke akimposea mumewe kwa barua, tena mwandiko kama wa kuku aliyekanyaga wino, lakini mambo ya watu wa mjini wao hawayaingilii. Wameuliza habari zake, wameridhika, wamekubali. Wanataka kujua siku.

Akawaambia, "Wazee wangu, nipeni siku tatu." Akafunga cherehani, akaja nyumbani.

Ilikuwa mchana kama huu. Wewe ulikuwa shuleni. Mie niko uani nafua. Akaja akasimama mbele yangu, hajavua kofia, akanyoosha mkono na ile karatasi. Unajua yeye anasoma herufi za Kiarabu tu. Akasema, "Nisomee."

"Umeshaambiwa ilivyo."

"Nimeambiwa na wao. Nisomee wewe uliyeandika."

Saada, nimezaa, nimezika, nimevushwa mto Rufiji usiku katika mtumbwi unaovuja. Sijaona kazi ngumu kama kusoma ile barua. Nilikaa juu ya beseni nililolipindua, mikono ina povu, nikasoma. Nikasoma: "Mume wangu ni fundi. Hanywi, hapigi, hatukani. Hasemi uongo ila akikwambia nguo itakuwa tayari Ijumaa." Hapo nikacheka, sikujizuia, kicheko kikanitoka puani. Nikaendelea: "Chai anakunywa kwa kelele lakini utazoea. Mtoto wetu akiugua yeye ndiye hukesha. Mie nimekaa naye tangu nikiwa msichana na sina neno baya juu yake. Namtafutia mke kwa kuwa mie muda wangu umekwisha na yeye hana kosa." Nilipofika hapo kicheko kikageuka, nikashindwa kumaliza.

Akakaa chini. Chini kabisa, kwenye matope ya maji ya kufulia, na suruali yake ya kazini. Akasema, "Kumbe hivi ndivyo unavyoniona? Mbona unawaambia watu wa Kimbiji, mie huniambii?"

Nikaikunja ile karatasi, povu likailowesha.

"Na muda wako umekwisha wa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno makavu, yale ambayo hata Bi Tatu huyazungusha: siku zangu zimekatika, damu haiji tena, mwili unawaka moto, usiku silali, nikikuona nataka kukupiga na usipokuwepo nataka kulia. Mtoto sitakuzalia tena.

Akachorachora matope kwa kidole. Kisha akasema, "Kwa hiyo hiyo ndiyo iliyonifukuza barazani na cherehani yangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Mie nilidhani unataka talaka. Nimehama mara tatu ili usipate nafasi ya kuitamka."

Umesikia, mwanangu? Mie nasema anatoka kidogo kidogo. Yeye anasema akikaa mbali sitapata nafasi ya kudai talaka. Watu wawili, mkeka mmoja, mwaka mzima, kila mmoja anamsoma mwenziwe kichwa chini miguu juu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mbaya. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Tungevunja nyumba bila mtu kufanya kosa.

Posa ikabaki mikononi mwetu. Imekubaliwa, watu wanangoja siku. Babaako akasema atakwenda mwenyewe kwa wazee. Nikamwambia, "Ukienda wewe watasema umemkataa mtoto wao. Aliyeandika ni mie, atakayefuta ni mie." Nikapanda lile lile lori la mbata, juu ya magunia, joto langu ninalo na jua la Mungu liko juu, nikafika Kimbiji nimeiva.

Nilidhani nitapokewa na wajomba. Nilipokewa na Mwanahawa na mamaake, bibi mmoja mkavu mwenye macho kama ya kunguru. Nikaanza kusema ya kwangu. Bibi akanikatiza, akanisukumia kisu na tenga la mihogo. "Menya, huku unasema. Hatuwezi kukaa bure kwa ajili ya wendawazimu wako."

Nikamenya, nikasema yote. Nilipomaliza, Mwanahawa, kwa sauti ile ile ya chini niliyoipenda, akaniuliza, "Dada, uliniuliza mie kama nataka?"

"Niliwaandikia wazee wako."

"Ambaye angekuja kulala kwako ni mie, siyo wazee. Wewe ulikuwa hutafuti mke wa mumeo. Ulitafuta mtu wa kumweka mbele yako, hasira zikija zimpate yeye."

Nilijikata kidole. Kovu lipo mpaka leo, na ukiniuliza mie husema ni la samaki. Si la samaki. Na hili nakuachia pia, mwanangu: maumivu yako usimwekee mwanamke mwenzio aje kuyabeba. Nilimwomba radhi. Hakunipa siku ile. Alisema atafikiri. Alinitumia salamu ya kunisamehe alipoolewa, mwaka uliofuata, na mtu aliyemtaka mwenyewe.

Ila yule bibi aliponisindikiza njiani alinishika mkono. Akaniambia, "Hayo ya joto na mimi yalinishika. Mvua nne nzima, miaka minne hiyo. Siku moja nilimkimbiza mzee na mchi mpaka msikitini, akaingia akafunga mlango."

Nikamuuliza, "Yakaisha?"

"Yakapungua. Yakawa yanakuja kama mgeni anayejua kuaga."

"Na mzee?"

"Yupo. Tangu asikie umefika kajificha kwa jirani, anadhani umekuja na mchi wako."

Ndilo neno la kwanza nililopata kutoka kwa mwanamke aliyenitangulia, na nililipata kwa kwenda kuaibika safari ya siku nzima. Hivi kwa nini? Wanawake wangapi wazima walikuwa pale bombani wakinicheka, na nusu yao yamewapitia? Nilirudi na hasira mpya, hasira safi hii, nikaapa binti yangu hatasafiri juu ya magunia ya mbata kutafuta neno moja.

Usidhani nilirudi nimepona. Siku ya tatu tu nilirusha pasi. Ilikuwa baridi, haina makaa, lakini pasi ni pasi. Tofauti ni kwamba sasa tulijua jina la kinachorusha. Tukapanga utaratibu, na utaratibu wenyewe utauona wa kijinga. Nikiamka vibaya, kabla ya neno lolote namwambia, "Leo nimeamka vibaya, si wewe." Naye lazima aulize, "Nikae au nitoke?" Na mie lazima nijibu. Hapo ndipo kazi ilipo, kujibu. Wiki za mwanzo nilikuwa nasema, "Sijui," naye anasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama mbuzi aliyeona mvua. Mpaka tunacheka. Mara nyingine hatucheki, nasema toka, anatoka bila kununa. Mara nyingine nasema kaa, na kukaa kwenyewe ni kukaa tu, hagusi, hasemi, ananipepea na kipande cha kitambaa cha bitana.

Na usidhani yeye ni malaika. Siku moja alichoka, akanifokea mbele ya mteja, "Hata mie nina mwili, Zuhura! Hata mie nachoka!" Mteja akaondoka bila suruali yake. Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikaona kasema kweli. Nilikuwa nimeshika maradhi yangu kama cheo, kila mtu apishe. Hilo nalo ni kosa, na nalitia hapa kwa kuwa ukiwa na mume mpole ni rahisi sana kumfanyia.

Cherehani ilirudi barazani mwezi wa nne tangu nitoke Kimbiji. Sikumwita. Aliiweka mwisho wa baraza kwanza, akanitazama, akashona mshono mmoja, akanitazama tena. Nikamwambia, "Shona, nitasema." Na kila iliponizidi nilisema. Kuna siku nilisema mara sita kabla ya adhuhuri.

Haya sasa, la mumeo. Najua Bi Tatu atazimia, lakini barua hii msomee. Ni kijana, ni karani, atasikia haya. Mwache aone haya kisha asikilize. Wanaume nao hakuna anayewaambia. Babaako, mtu mzima na ndevu zake, alidhani ni talaka.

Nilikuwa nimefika hapa, Saada, nikitaka kufunga. Lakini tangu mambo ya Kimbiji niliahidi kwamba sitapeleka tena barua yenye jina la babaako kabla hajaisikia. Nikamwita kutoka barazani. Akaja akakaa mkekani, nikamsomea tangu mwanzo, kwa sauti ya chini usisikie. Alitabasamu pale pa kofia mbovu. Nilipomaliza akasema, "Kuna kitu hukuandika."

"Kipi?"

"Huwezi kukiandika, hukijui. Siku ile, kutoka Magomeni mpaka hapa, sikuja na hasira."

"Ulikuja na nini?"

"Nilikuja nimefurahi." Akavua kofia. "Kabla sijafika kwenye mlango huu, nilikuwa nimeshampa mtoto jina."

Nikauliza jina gani. Akasema jina la babaake. Jina la yule wetu wa kwanza, Saada, aliyeko makaburini.

Nimekaa naye miaka yote hii nikidhani ile siku niliijua yote. Nikamuuliza, "Sasa kilichokuzuia kuoa ni nini?" Akasema, "Ulipocheka pale pa Ijumaa. Nilikuwa sijakusikia ukicheka mwaka mzima. Kabla ya hapo, Zuhura, nilikuwa nimeshakubali."

Nimemwuliza mbona hakuniambia. Akasema aliogopa. Nimemwambia, na hapa sauti ilinipanda, kwamba amenisikiliza nikimwaga yangu yote mpaka ya Kimbiji, yeye kajiwekea yake mfukoni miaka yote hii! Naye akapandisha ya kwake, kwamba mie ndiye niliyekwenda kumtafuta huyo mke, yeye kosa lake ni kufurahi njiani! Ndipo ulipoita kutoka chumbani, "Mama, mnagombana?"

Zamani ningekujibu hapana, mwanangu, tunazungumza. Leo nimekujibu, "Ndiyo, tunagombana. Lala." Nimekusikia ukishtuka kisha ukicheka.

Nimeyatia yote kama alivyoyasema, maana nawe utayahitaji. Nimekasirika, na hasira hii si ile ya zamani iliyokuwa ikija haina mwenyewe. Hii ina mwenyewe, na ina mtoto ndani yake, na tutaifikisha mwisho hata kama magharibi itatukuta hapa. Sikumtafutia mtu mke kwa barua, nikaifuta mbele ya mihogo ya watu, nije nishindwe na jina la mtoto ambaye hakuzaliwa.

Yakikufika, niandikie. Kama bado nipo nitapanda gari la moshi nije, hata ikibidi nipakiwe kama mzigo, nikae katikati yenu mpaka mseme. Kama sipo, anza wewe kusema, usingoje kuulizwa.

Babaako amekaa hapa mkekani, kofia mkononi, anangoja niweke kalamu chini tuendelee kugombana. Naiweka.

Mamaako,
Zuhura